Ishirini na Tatu

Barua ya maabara ilifika Jumanne,
ikakaa juu ya friji siku mbili
kwa sababu ilifanana na bili.
Nilipoifungua, orodha nzima ilikuwa salama
ila mstari mmoja: aseniki, ishirini na tatu.
Kikomo, kumi.

Nikayainua maji kwenye bilauri, nikayaelekeza dirishani,
kwenye theluji ya Sabattus isiyojua kukoma.
Mama angeyapigia vigelegele maji haya.
Hakuna tope, hakuna kiluwiluwi.
Siku tulipopewa funguo za nyumba
nilikunywa bilauri tatu nikiwa nimesimama,
nikamwambia Cikuru: kisima chetu wenyewe, na maji matamu!
Matamu. Neno hilo sasa linanikwama kooni.

Nikampigia mama, Uvira.
"Chemsha," akasema, kabla sijamaliza.
Mama anaamini mambo mawili: Mungu, na sufuria inayotokota.
Mwaka wa kipindupindu alizika wawili,
akatuchemshia tuliobaki hata maji ya kunawa.
Nitamwambiaje kwamba hiki si kidudu,
hakina roho ya kutolewa na moto?
Ukichemsha, maji ndiyo yanayokimbia na mvuke;
chenyewe kinabaki chini, kimekolea.
Shabu haikigandishi. Kitambaa hakikioni.
Mbegu za mlonge zingezunguka mtungini usiku kucha
zikitafuta cha kushika.

Kimetoka mwambani, alieleza fundi,
mzee Réal Thibodeau, ambaye magoti yake
yanalia kuliko mlango wetu.
Hakuna aliyekimwaga. Hakuna wa kushtakiwa.
Aliposikia nikimkaripia mtoto kwa Kifaransa
akachomoa kichwa chini ya sinki,
akanijibu kwa Kifaransa cha bibi yake,
cha zamani, chenye harufu ya kabati lililofungwa.
Tukacheka. Nikampa chai,
kisha nikakumbuka chai imetokana na nini,
nikamnyang'anya kikombe mkononi.
"Kwangu nimekunywa ya kisima miaka sabini," akasema.
Lakini kikombe hakukidai.

Mitungi mitatu myeupe, tangi dogo la kukumbatika,
na utando uliokunjwa mara nyingi kuliko barua ya posa.
Maji husukumwa humo kwa nguvu, akasema,
hadi yapite pale ambapo karibu kila kitu kingine hukwama.
Na yaliyokwama?
Yanakwenda.
Vikombe vinne vikiingia, kimoja unakunywa,
vitatu vinateremka na maji machafu.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Si kwa ile barua.
Mimi niliyebeba lita ishirini kichwani tangu mtoni,
nisiyemwaga hata maji ya kuoshea mchele,
nisimame kwenye jiko la vigae nikisikiliza
vikombe vitatu vikiaga, usiku, gizani,
kama mtu anayenong'ona asitake kueleweka?
Nimetega ndoo. Yale ya ndoo
nasugulia sakafu, namwagia choo.
Cikuru anasema nafuga sumu.
Acha aseme. Yeye kwao kulikuwa na bomba.

Maji mapya hayana ladha.
Nsimire, miaka sita, anasema yana ladha ya kijiko.
Bafuni, ambako mtambo haufiki,
nimebandika karatasi: USIMEZE.
Chini yake amechora samaki
aliyefumba mdomo kwa mikono miwili.
Nilimwambia samaki hana mikono.
Akaniuliza, sasa atafanyaje?

Barua ya pili nimeifungua palepale sandukuni,
vidole vikiganda: chini ya moja.
Nikasimama barabarani na karatasi yangu
gari la kuzoa theluji likinipigia honi.

Jioni mama anapiga. Hasalimii.
"Umechemsha?"
Jikoni birika limeanza mluzi, chai ya maziwa na tangawizi.
Nainyoosha simu kuelekea moto, asikie mwenyewe.
"Nimechemsha, mama."